Mpiga Hodi Magofuni

Mwanamke yule nilimdhania mwizi kabla sijajua kuwa ni mkunga, na hata baada ya kujua sikuacha kumdhania. Nyumba ilikuwa Mkunazini, ghorofa ya juu imeporomoka kwa mvua za masika, na mimi nilikuwa nimeshapatana na wenyewe niichukue mifupa yake: mawe, boriti, na milango kama imebaki. Nilifika asubuhi na vibarua wangu nikakuta yumo mtu ndani. Mwanamke, umri umeshampita, buibui la kizamani limemfika chini, amechutama pembeni mwa chumba cha nyuma anaigonga sakafu kwa kifundo cha kidole kama mtu anayejaribu nazi sokoni.

"We mama, unatafuta nini humo?"

Hakuinua kichwa. "Nakutafutia adabu zako," akasema. "Mtu mkubwa husalimiwa kwanza."

Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akainuka taratibu, akajikung'uta vumbi na kutoka mikono mitupu. Niliitazama mikono ile mpaka alipokata kona. Kisha nikaingia nikagonga na mimi pale alipogonga. Sakafu ya chokaa kama sakafu nyingine, ngumu, haisemi kitu.

Jina lake analo na wenye haja nalo wanalijua. Mimi namwita alivyoitwa na mji mzima, Bi Mkunga. Ukoo wake siusemi, kwa sababu asiyeujua wake hana haki ya kuchambua wa mwenziwe. Mama yangu alikufa mimi natambaa. Shangazi aliyenilea Ng'ambo, mitaa ya nje ya mji mkongwe, aliniambia kuwa marehemu alikuwa akifua na kupika katika nyumba za wakubwa mjini, leo hii, kesho ile, na kwamba mimi nilizaliwa katika moja ya nyumba hizo. Ipi? Shangazi hakujua, au hakutaka kusema. Nikakua. Nikasukuma mkokoteni mtaani Malindi, nikabeba magunia, nikaijua thamani ya boriti kwa kuihisi begani, mpaka nikawa na ghala langu na magari mawili ya mizigo. Skuli sikukaa. Nilichosoma nimekisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na kilichobaki nimekiokota njiani, wala sioni haya. Lakini kila nilipoangusha nyumba mjini kulikuwa na swali linanipitia kichwani, na mimi naliacha lipite. Mtu akisimama kujiuliza, jua linapanda na vibarua wanakaa.

Tuliendelea kukutana, yeye na mimi. Nyumba ikianguka mji huu, wa kwanza kufika ni paka, wa pili Bi Mkunga, wa tatu mimi. Watu walikuwa na maneno yao. Wengine walisema ameonyeshwa zilipofukiwa fedha za wenyewe walioondoka. Wengine ati ana majini yake, anakwenda kuyapelekea mayai na udi. Mimi ni mtu wa biashara, na dhana yangu ilikuwa ya kibiashara: ametumwa na warithi walioko Maskati aje atazame nani anachukua nini. Nilimwuliza mke wangu, maana mtoto wetu wa kwanza alizalishwa na mikono ile.

Mke wangu akacheka mpaka akashika mbavu. "Fedha? Yule anatafuta makondo."

Akanieleza. Zamani, kabla kila mtu hajakwenda kujifungulia hospitali, mkunga alikuwa akichukua kondo la nyuma akalitia kwenye kijungu cha udongo, akalizika ndani ya nyumba ile ile, chumbani au uani, ili mtoto awe na pahala pake duniani. Bi Mkunga amezalisha nusu ya mji. Kwa hiyo kwake hakuna nyumba ya mtu mwingine: chini ya kila nyumba ana amana yake.

"Na wewe umeamini?" nikamwuliza.

"Mimi nilikuwa na uchungu, bwana. Aliponishika mgongo akanisimulia habari ya nyumba moja ya Malindi, mpishi aliyekuwa akiimba kwa sauti ili wenyewe wajue mdomo wake hautafuni chakula chao. Mpaka leo naikumbuka neno kwa neno, na siku ya harusi yangu nishaisahau."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Habari alizookota magofuni alikuwa akizimimina masikioni mwa wanawake wenye uchungu, kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, mwenye uchungu hasahau alichosikia. Wanawake wa mji huu wametembea na nyumba zilizokufa vichwani mwao na waume zao hawana habari. Uzazi ulipohamia hospitali, akabaki na hadithi bila wanawake wa kuwasimulia. Ndipo akaanza kumsimulia yeyote aliyesimama: muuza kahawa, askari wa zamu, watalii wasiojua Kiswahili.

Nilikubali kuwa ni kweli kuhusu makondo. Bado sikuacha kumtazama mikono.

Kilichonichosha zaidi ni desturi yake ya kuingia. Gofu halina mlango, halina dari, mpapai umeota sebuleni, naye husimama palipokuwa kizingiti akapiga hodi. Hupiga ya kwanza akangoja. Ya pili akangoja. Ya tatu isipojibiwa hugeuka akaenda zake, kama tulivyofunzwa sote tangu wadogo. Utasema basi mtu huyu hakuingia popote, maana nyumba tupu itamjibu nani? Hapo ndipo palipokuwa na ujanja wake. Alikuwa akiipiga hodi ile kwa sauti ya kuwafikia majirani. Jirani yeyote aliyechoka na kelele akaitikia "karibu," hata kwa mzaha, hata kutoka dirishani na povu la sabuni usoni, alikuwa amenasa.

"Umekaribisha, basi ni mwenyeji," Bi Mkunga humwambia. "Mwenyeji haijui nyumba yake? Hebu shuka."

Na mtu hushuka. Nimeona mawakili wakishuka. Hukaa naye kwenye baraza iliyobomoka na kubanwa mpaka adhuhuri. Wala hakuuliza nani kaijenga nyumba. Aliuliza nani alikuwa akilala karibu na mlango, nani hakuruhusiwa kupanda juu, na chakula kikiungua nani alipigwa. Siku moja nilimwambia kuwa watu wa maana wa nyumba aliyokuwa akiiulizia, wenye mashamba na majahazi, hata jina hajawauliza.

"Wakubwa wana makaburi yameandikwa," akanijibu. "Wapishi wana mimi."

Nami alinipa jina, Mchwa. "Mchwa umekuja? Leo unaanza kula wapi, miguu au kichwa?" Mbele ya vibarua wangu, tena kwa sauti. Mtu yeyote aliyezaliwa mikononi mwake, yeye alimwita mwanangu, hata awe na mvi, hata awe mkubwa wa ofisi na tai shingoni. Wasiokuwa wake aliwapa majina ya wadudu na vyombo vya jikoni. Nililiweka hilo moyoni. Kama mikono yake ndiyo iliyonipokea, asingeniita Mchwa. Na kama siyo, basi hana cha kuniambia. Hivyo sikuwahi kumwuliza, na yeye hakuwahi kunigusia, ingawa mara nyingine nilimkuta ananitazama kama mtu anayeangalia mizani.

Alikuwa na vitu vyake visivyokwenda pamoja. Alikula tambuu mchana kutwa, lakini ndani ya gofu hakutema hata tone. Angetoka mpaka uchochoroni, shavu limevimba, akarudi akaendelea na maneno. Nyumba za watu waliokufa alizilinda, na yake mwenyewe Kikwajuni bati lilivuja akalala na sufuria kitandani mwaka hadi mwaka. Nyumba iliyotengenezwa ikawa hoteli hakuiingia tena. Mwenye hoteli mmoja alimfuata kwa heshima, Bi Mkunga njoo uwasimulie wageni. Akamwambia, "Nyumba yenye mlinzi haina haja na mimi." Na alichukia uwongo. Jirani akiongeza chumvi alimkata: "Hayo umeyaona, au umeyapenda?"

Kwa hiyo siku niliyomkamata yeye mwenyewe kwenye uwongo, nilifurahi kama niliyeokota dhahabu.

Ilianzia Mangapwani. Kulikuwa na nyumba ya shamba huko, ya bwana mmoja mwenye mikarafuu, imebaki kuta na boriti za dari, na boriti zenyewe zilikuwa nzuri ajabu, nyeusi, nzito, hazina hata tundu. Bi Mkunga alisikia nakwenda kuzitazama. Nikamkuta asubuhi amekaa mbele ya gari langu, karibu na dereva, buibui amelikunja mapajani.

"Nani kakupandisha?"

"Mlango ulikuwa wazi. Twende, jua kali."

Tulipofika akasimama kizingitini akapiga hodi. Mimi nikacheka. Pale hapana jirani, pana minazi na mihogo. Akapiga ya pili. Kwa mbali kondeni kulikuwa na mwanamke anachuma kisamvu, kikapu kichwani. Ya tatu akaipiga mpaka ndege wakaruka, na yule mwanamke, maskini, akaitikia tu kwa tabia: "Karibuuu!"

"Haya," Bi Mkunga akaniambia. "Mwenyeji yupo."

Yule mwanamke alisimulia alichosikia kwa bibi yake, aliyekuwa akitwanga katika nyumba ile. Bwana wa nyumba na ndugu yake walikuwa wakila sinia moja toka utotoni. Ndugu akafa. Toka siku hiyo bwana alikula peke yake, ameugeukia ukuta, na kila tonge la tatu aliliacha pembeni mwa sinia, upande wa mwenziwe. Watumishi walikatazwa kuliondoa mpaka liwe limekauka. Bi Mkunga alisikiliza amefumba macho. Akauliza kitu kimoja tu, ni ukuta upi. Akaonyeshwa. Akaupapasa.

Mimi niliiangusha nyumba ile, nilikuwa na haki yake. Mawe nikayauza. Boriti nikazitia ghalani nyuma kabisa, nikawa kila mteja akizitaka namwambia zina mtu. Hata mimi sijui kwa nini. Labda nilingoja bei.

Baadaye, nakatisha Hurumzi kwenye mambo yangu, nikasikia sauti yake ndani ya nyumba moja iliyoachwa. Vijana wamemzunguka na simu zao, wanapita wanapiga picha nyumba kongwe, na yeye anawaambia: hapa, ukuta huu huu, bwana mmoja alikuwa akila peke yake, na kila tonge la tatu analiacha kwa ndugu yake. Nikangoja vijana watoke.

"Bi Mkunga! Shikamoo."

"Marahaba, Mchwa."

"Yule bwana wa Mangapwani leo umemhamishia mjini?"

Hakutahayari hata kidogo. "Nyumba yake ishaanguka," akasema. "Ulitaka akae wapi kula?"

"Lakini huo ni uwongo!"

"Uwongo upi? Bwana alikuwepo, hakuwepo?"

"Alikuwepo."

"Tonge liliachwa, halikuachwa?"

"Liliachwa, lakini si hapa!"

"Basi kosa ni la nyumba, si langu. Mimi nimempa banda mtu aliyefukuzwa kwake. Na aliyemfukuza unamjua."

Akatoka nje kutema tambuu. Nilibaki ndani nimeudhika, na chini ya udhia pana kitu kingine kinaniuma. Kumbe mtu huyu, nyumba ikifa, anabeba waliokuwa ndani akawapangisha nyumba nyingine. Ni habari ngapi za mji huu ziko pahala pake? Na siku akija kwangu na habari, nitajuaje ni yangu? Toka siku ile nilijiapiza. Hata anililie, neno lake kuhusu mama yangu silitaki.

Miaka ikapita. Nyumba ile ya Hurumzi ikawa hoteli. Bi Mkunga macho yakaingia ukungu, akawa anashikwa mkono na mjukuu wake, mama mzima mwenye watoto wake. Mimi mwenyewe goti likaanza kunihesabia ngazi. Ikaja nyumba ya Kiponda.

Nyumba ile wenyewe walishaiuza zamani. Aliyeinunua alikuwa mtu wa mbali anayetaka kiwanja, basi. Mlango wa mbele ulishaondoka, roshani imelala, ukuta wa nyuma umeinama kama mlevi. Kazi yangu ilikuwa kumalizia. Vibali vilikuwepo, nilisomewa mara mbili. Asubuhi hiyo vibarua wameshashika mitaimbo, nyapara wangu yuko juu ya ukuta anafunga kamba, nikasikia fimbo inagonga mawe uchochoroni.

"Hodi!"

Vibarua wakanitazama. Mimi nimesimama ndani, hatua chache kutoka kizingiti, nikakaa kimya. Upande wa kulia wa nyumba sasa ni hoteli, dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi ya mashine. Upande wa kushoto ni duka la vinyago, kijana wake ametia vidude vya muziki masikioni. Jirani hakuna.

"Hodi!"

Nikajua huu ni mtego. Mwenye kuitikia karibu atakalishwa. Kazi itasimama, na nitaambiwa habari nisiyoitaka, au ninayoitaka sana, ambayo ni mbaya zaidi. Nyapara akaninong'oneza kutoka juu: "Mzee, nyamaza. Bado moja ataondoka."

Ya tatu haikuwa na sauti ya kufika hata dukani. "Hodi." Kisha fimbo ikageuka.

Mdomo wangu ukasema, "Karibu."

Fimbo ikasimama. "Nani huyo?"

"Mimi. Mchwa."

"Loo!" Akacheka mpaka akakohoa. "Leo mchwa anakaribisha nyumba anayoila."

Akaingia, mkono mmoja kwa mjukuu, mmoja ukutani. Hakuuliza njia. Alipita sebule, akapita kisima, akaingia kile chumba kidogo chini ya ngazi, karibu na jiko. Akajikunja kwa taabu, akagonga sakafu kwa kifundo cha kidole, akasogea kidogo, akagonga tena.

"Hapa."

"Hapa nini?"

"Kondo lako. Nimelizika mimi." Alisema kama mtu anayekwambia ulipoacha viatu. "Ilikuwa adhuhuri, wenyewe wako juu wanakula. Mama yako alitafuna ncha ya kanga yake asisikike. Wewe ndiye uliyepiga kelele ukamwaibisha. Naye mama yako alikuwa na vidole vya mguu vimepandana, cha pili juu ya gumba."

Vidole vyangu vimepandana hivyo hivyo. Lakini maisha yangu yote navaa makubadhi, mji mzima umeviona, na yeye kaingia nyumbani kwangu kumzalisha mke wangu. Nikamwambia hayo, kwa ukali, vibarua wanasikia.

"Na mbona hujaniita mwanangu hata siku moja?"

"Hukunikaribisha hata siku moja. Kila nikija, wewe na mtaimbo."

"Bi Mkunga. Nakuuliza kwa Mungu mmoja. Habari hii ni ya nyumba hii, au umeihamisha?"

Alitafuna tambuu yake kwanza. Akainua uso wake upande wangu, macho meupe.

"Kama imehama," akasema, "nyumba ilikotoka umeivunja wewe."

Mjukuu akamwinua. Kizingitini akasimama akageuza kichwa. "Ule ukuta wa nyuma umeinama. Nausikia upepo wake." Akaenda zake.

Nyapara alishuka kutoka juu ya ukuta akaja na mtaimbo. Alikuwa mtu wa akili nyepesi na moyo mzuri. "Mzee, si jambo. Nichimbe hapa tujue. Kijungu kikiwemo, kimo."

"Na kisipokuwemo?"

"Basi kazi iendelee."

Nikaushika mtaimbo mimi mwenyewe. Nikausimamisha pale pale alipogonga. Nilifikiri nyumba zote nilizozichukua mifupa, Mkunazini, Malindi, Sokomuhogo, na kila moja ina chumba cha nyuma karibu na jiko. Nikichimba nikalikosa hapa, itakuwa nimeshalivunja katika mojawapo ya hizo, na sitakuwa na pahala pengine pa kukosea. Nikauweka mtaimbo chini. Nikawaambia vibarua wakanywe chai.

Ndiyo maana leo nina gari moja la mizigo. La pili nililiuza, fedha yake ikaingia kwenye nyumba ile, kumtoa yule aliyetaka kiwanja, na watu wangu wa baraza walinicheka mpaka wakachoka. Mfanyabiashara anauza kinachotembea ananunua kinachoanguka. Waache wacheke. Siyo kwamba nilimwamini yule bibi. Mpaka leo simwamini. Ananihesabia vidole nilivyomwonyesha mwenyewe, anatia na kanga, na kanga gani isiyotafunwa? Ila ukuta ulikuwa umeinama, hilo nililiona kwa macho yangu, na ukuta ulioinama unataka kuegemezwa.

Mara ya mwisho alikuja kabla ya Ramadhani. Nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya Kiponda nashona gunia. Hakupiga hodi. Alisikia nipo, akapita, akenda moja kwa moja nyuma, akazipapasa boriti nilizoegemeza ukuta. Akazigonga moja moja.

"Ngumu hizi. Za wapi?"

Nilitaka kumwambia za dukani. "Za Mangapwani," nikasema.

Uso wake wote ukafunguka. Akamvuta mjukuu wake karibu, akamwekea kiganja ukutani, na mimi nimesimama pale pale nasikia, akaanza kumwambia kuwa hapa, ukuta huu huu, bwana mmoja alikuwa akila peke yake, na kila tonge la tatu analiacha kwa ndugu yake.

Nilifungua mdomo nimkatize. Kisha nikaona boriti moja imelegea chini, nikainama kuikaza.